Mteja wa Angani wa Lumir Havranek

Lumir Havranek aliuza petroli maisha yake yote pale njia panda, katika mji mdogo wa Nebraska uliozungukwa na mahindi. Wenzake walishaweka pampu ambazo mteja hujihudumia mwenyewe. Yeye alikataa. Gari likiingia alitoka na ndoo, akasugua kioo, akauliza habari za oili, na kama injini haijazimwa hakugusa pampu. Mchungaji aliwahi kumbishia siku ya baridi kali, akaondoka na tangi tupu.

Jambo moja lilimkera. Fundi wake wa pancha, Tawnya Pruitt, alikuwa pia sajini wa jeshi la akiba, na kila mwezi alikuwa na wikiendi yake ya kupanda dege la mafuta, kwenda kuzijazia ndege za kivita hukohuko angani.

"Yaani unaacha kujaza mafuta kwangu," Lumir alimwambia, "unakwenda kujaza mafuta kwa watu."

"Wale hawana pa kuegesha, bosi."

Jeshi lilikuwa na desturi ya kuwapandisha ndege waajiri wa askari hao, wajionee kazi yenyewe na kupunguza manung'uniko. Tawnya akatoa jina la bosi wake bila kumuuliza. Lumir, ambaye hata kupanda ngazi kubadilisha taa alimwachia mkewe, Ardis, alikubali kwa sababu moja tu: alitaka kumwona mshindani wake.

Ardis alimfungia mikate ya nyama na kabichi. "Ukitapika, tapika kwenye mfuko," alimwambia. "Usiniaibishe mbele ya jeshi."

Hakutapika. Alifumba macho tu, mpaka Tawnya alipomwita mkiani, kwenye kishimo cha sakafuni chenye dirisha, ambako mjazaji hulala kifudifudi akiliongoza bomba. Lumir akajilaza kwenye godoro la mgeni, akafumbua jicho moja. Chini yao, karibu kama gari lililofika kwenye pampu, ndege ya kivita ilikuwa imesogea, na rubani wake anawatazama.

Tawnya akashusha bomba, likaingia mahali pake. Mafuta yakaanza kwenda. Hofu ya Lumir ikayeyuka, akapandwa na hasira ya kikazi.

"Mbona hajazima injini?"

"Akizima anaanguka, bosi."

"Kila mtu ana sababu yake. Mwambie."

Tawnya, kwa uchokozi, akamwambia kweli redioni.

"Mwambie mzee anisamehe," akajibu rubani, Kapteni Renfro. "Yangu ikizimwa inasumbua kuwaka."

Lumir alikuwa ameshausikia udhuru huo mara nyingi. Angenyamaza, lakini macho yake yakatua kwenye kioo cha ile ndege. Kilikuwa na baka kubwa la wadudu waliokaukia hapo, mbele kabisa ya uso wa rubani. Mikono ikaanza kumwasha. Alijizuia, ikashindikana. Akainua kiganja, akakipitisha dirishani kulia na kushoto, kulia na kushoto, ili kijana aelewe kwamba kioo kinataka kusuguliwa.

Renfro alichoona ni mtu ndani ya tangi linaloruka, anapunga mkono kama aliyeona moto. Akachomoka, akazama chini. Tawnya akatoa amri ya kuachana, marubani wao wakaongeza mwendo, dege likapaa, na mikate ya kabichi ikabiringika sakafuni. Kila mtu akaanza kutafuta moshi.

"Umeona nini?" akauliza meja aliyekuja kutoka mbele, jasho likimtiririka.

"Wadudu," Lumir akasema.

"Wapi? Kwenye mitambo?"

"Kwenye kioo chake."

Meja alimtazama, akarudi mbele. Tawnya alimrudisha bosi wake kitini, akamfunga mkanda kwa mkono wake mwenyewe, akaukaza kupita kiasi. Renfro naye akarudi, akamaliza kujaza, akaenda zake.

Kesho yake Lumir hakugusa chai.

"Una nini wewe?" Ardis akamuuliza.

"Mteja ameondoka na kioo kichafu."

Ardis alimjua mumewe. Akachukua funguo za gari, wakaendesha mpaka Iowa, kwenye kambi ya Renfro, ndoo ikiwa katikati ya miguu ya Lumir. Mlinzi wa getini aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akapiga simu kwa sauti ya chini sana.

Renfro akatoka. "Ndege siwezi kukuletea hapa, mzee."

"Gari je?"

Akaleta pikapu iliyojaa matope. Lumir akasugua kioo, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili na kukitazama kwa huzuni.

"Hii umeiacha mpaka imekauka."

"Nimekuwa nikisikia mlio," Renfro akakiri.

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa na shughuli, mzee."

"Ya kuzunguka mawinguni."

Walipomaliza, mlinzi akauliza kama ndoo bado ina maji.

Tangu hapo Tawnya hakusikia tena manung'uniko. Wateja wakimuulizia, Lumir aliwajibu kwamba yuko kazini, tawi la juu. Nao, kwa kuwa hawakuwahi kumsikia akitania, walitazama juu.