Kabati la Mchwa

Mama alilitengenezesha lile kabati kwa mafundi seremala wa Keko, kwa pesa za zamu yake ya upatu, wakati baba hajaweza hata kununua godoro la maana. Mninga mtupu, mwekundu, limepigwa vanishi mpaka ukipita unajiona. Baba alipofariki, kaka yake, baba mkubwa wetu, alilitazama matangani namna mtu anavyotazama nyama buchani. Akatangaza kwamba arobaini ikiisha atakuja na gari, maana vyombo vya nyumba ni vya mume. Sikumpenda tangu siku ile, na mpaka leo sijajilazimisha.

Mama alikuwa ndani ya eda, hatoki. Akanituma mimi dukani. Miaka hiyo maduka ya vifaa vya ujenzi yalikuwa yanachipuka Temeke kila kona, makopo ya rangi yamepangwa hadi barazani, lakini mama alitaka chokaa ya unga tu. Rangi ya maji ilikuwepo uvunguni, iliyobaki tulipopaka ukuta. Akavichanganya kwenye beseni, akakoroga mpaka ikawa nzito kama uji, akatia masizi kidogo. Ikatoka rangi ya majivu, imepooza, haina mng'ao hata chembe.

"Tunalipendezesha?" nikauliza.

"Tunalifubaza. Paka, usiulize."

Nilipaka huku nalia. Kila nilipopitisha brashi mninga ulizama, na viganja viliniwasha kwa chokaa kwa siku kadhaa.

Arobaini ilipopita, baba mkubwa alikuja na pikapu ya kukodi. Mbele alikaa bibi, mama yao. Redio ikatoka, makochi yakatoka, meza ikatoka. Mama alisimama na ushungi wake. Kisha baba mkubwa akasimama mbele ya kabati.

"Shemeji, kaburi la mwenzio halijakauka, unaremba nyumba?"

"Nimrembee nani, shemeji? Limeingia mchwa. Nimelipaka chokaa wasipande darini."

Akalisogelea. Akatoa ufunguo mfukoni, akataka kukwangua mlango aone. Mkwaruzo mmoja tu, na kitu pekee cha mama kingepakiwa garini, na uongo wa mchwa ungejulikana.

Bibi, ambaye alikuwa ameingia nyuma yake, akajikokota, akaketi chini jamvini na kuuegemea ule mlango kwa mgongo wake wote.

"Mchwa usiniletee kwangu," akasema. "Nyumba yangu ya fito. Ukilitia hilo kwenye gari, mie nabaki huku huku."

Baba mkubwa akamtazama mama yake, akamtazama mama yangu. Akarudisha ufunguo.

"Libaki basi. Kuni tu hizo."

Akatoka kwenda kufunga makochi kamba. Bibi akainuka taratibu akishika goti. Mgongo wa buibui lake ulikuwa mweupe mtupu, na pale alipoegemea rangi ilikuwa imebanduka. Mninga ulikuwa unang'aa, mwekundu, mpana kama mgongo wa bibi kizee. Nilitamani nikasimame pale nipazibe kwa mwili wangu.

Bibi alipatazama, tena kwa muda. Halafu akajifunika kanga mabegani mpaka chini, chokaa yote ikapotea, akamsogelea mama karibu kabisa.

"Mwanangu," akamwambia kwa sauti ya chini, "hapa haijashika. Rudia."