Robo Saa ya Kiholanzi

Kitenge kipya kikipigwa pasi hutoa harufu ya nta na vumbi, na popote ninapoinusa hurudi mara moja kwenye gereji ya Rosettenville, Johannesburg, ambayo mama aliigeuza kuwa chumba cha kushonea. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nikitoka shule nilivuka kwenye roboti ya kona, yaani taa za barabarani, nikapita duka la mikate la Mreno, na kabla sijafika getini nilikuwa nimeshaisikia cherehani. Mama alikula akiwa amesimama, mkono mmoja una kipande cha mkate, mwingine unanyoosha kitambaa, na aliyemwambia apumzike alijibiwa kwamba mchumia juani hulia kivulini. Kivuli chake kilikuwa Uholanzi. Huko ndiko alikokuwa baba, akifanya kazi katika ghala la maua, na aliondoka nikiwa mdogo kiasi kwamba nilimjua zaidi kwa sauti ya simu. Ili tumfuate, mama alitakiwa kwanza afaulu mtihani wa kuzungumza Kiholanzi huku huku Afrika Kusini. Asipofaulu, hakuna viza.

Mama hakuwa mzito wa lugha. Alitoka Bukavu na Kiswahili, Kimashi na Kifaransa, na Kizulu alikiokota kwa wateja. Kiholanzi alijifunza kwa kusikiliza masomo kwenye simu huku akishona, nami nikimsaidia kwa sababu Kiafrikana tulichofundishwa shuleni ni mtoto wa Kiholanzi, na mtoto akifanana na mzazi wake huwezi kumkosea. Hata hivyo mara ya kwanza alifeli. Tukiwa njiani kurudi kutoka Pretoria, kwenye ubalozi ulikofanyika mtihani, alinieleza kilichotokea. Sauti ya kwenye kompyuta ilimwuliza anapumzika saa ngapi kazini. Alielewa vizuri, neno lao la mapumziko, pauze, lilikuwa karibu kabisa na lile la Kiafrikana, pouse, tulilopiga nalo kelele shuleni kengele ikilia. Lakini alijibu kwamba yeye anafanya kazi. Akaulizwa kama hupenda kunywa kahawa na wenzake, akajibu tena kwamba anafanya kazi. "Ule muzungu alitaka kujua kama niko muvivu," aliniambia. "Nimwambie napumzika, atanipa viza?" Sikuona la kucheka. Kwetu mtu akihojiwa na wakubwa hutanguliza jasho lake, wala hatangazi kiti alichokalia.

Aliyecheka ni baba, jioni ile kwenye simu, mpaka akakohoa. "Huku saa ine ya asubui watu wote wanakaa, hata patron mwenyewe," alisema. Kila mtu kikombe chake cha kahawa na biskuti yake moja. Siku zake za kwanza yeye aliendelea kubeba maboksi ili bosi aone bidii yake, na bosi huyo huyo akamfokea akae chini, kwa sababu anawaharibia wenzake mapumziko yao. Mama akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba ulimi hauwezi kusema vizuri jambo ambalo mwili haujawahi kulionja.

Kesho yake nilikuta cherehani imezimwa. Mama alikuwa ameweka vigoda viwili nje, ukutani, pale jua la baridi ya Johannesburg linapojikusanya alasiri, na mbele yake chai na biskuti mbili. Niliigiza sauti ya kompyuta, nikamwuliza anapumzika saa ngapi: "Hoe laat heb jij pauze?" Naye, mgongo umenyooka kama wa mtu anayepigwa picha, akajibu, "Ik heb pauze om tien uur," kwamba anapumzika saa nne, ingawa ilikuwa imeshapita saa tisa. Tulifanya hivyo robo saa kila siku, majira yale yote ya baridi. Siku moja mteja alitukuta hapo akahamaki: "Eish, mama, arusi ni kesho na wewe unakunywa chai!" Mama akamweleza kwa Kiholanzi kwamba yuko mapumzikoni, na mimi chai ikanitoka puani. Kwenye vigoda vile ndipo mama alipoona viatu vyangu vimenibana. Ndipo alipojua jina la rafiki yangu wa shule. Nilikuwa na furaha. Sina namna nyingine ya kulisema.

Alifaulu. Aliimba nyimbo za kanisani gereji nzima ikaitikia. Lakini kabla maombi yetu ya viza hayajajibiwa, mkataba wa baba ghalani ulikwisha, na mtu asiye na mkataba hakuruhusiwa kuita familia. Tukakataliwa. Siku iliyofuata nilitoka shule, nikachemsha maji, nikatoa vigoda juani. Mama aliendelea kushona. Chai ikapoa, nikairudisha ndani. Niliumia sana, na kilichoniuma si Uholanzi, ambao sikuwahi kuuona. Baba alibaki huko akihangaika na vibarua, na mwaka baada ya mwaka simu zake zikapungua.

Leo nafanya kazi Sandton. Saa yangu ya chakula cha mchana imeandikwa kwenye mkataba, nami hula mbele ya skrini kama wenzangu wote, na hakuna bosi wa kutufokea. Mama bado anashona. Juzi nilipokwenda kumwona nilimwuliza kwa nini aliacha mapumziko yetu, nikamwambia kwamba katika utoto wangu wote sikupata kitu kitamu kuliko yale. Aliondoa mguu kwenye pedali akanitazama kwa mshangao.

"Ile haikukuwa kupumzika, mama," alisema, akiniita mama kama wanavyoitwa mabinti kwetu. "Ile ilikuwa kazi. Kila siku nilikuwa nakaa pale najiuliza kama nitaona baba yako tena. Nilikuwa nachoka kupita kushona."

Nami nilikuwa nimekaa kando yake juani, siku zote zile, nikidhani tunapumzika wote wawili.