Gari la Mgeni na Mdomo Wangu

Jamani, tangu Jumanne naingia ofisini kwa mlango wa nyuma, na sababu ni mdomo wangu.

Pale kazini kwetu Gisenyi kila mtu anajua sikosi kipindi cha magari kwenye televisheni. Gari gani lina roho, lipi utalisahau hata kabla halijapita, hukumu natoa mimi. Basi siku hiyo tulipata mgeni, Bwana Hamisi, aliyekuja na gari lake kutoka Dar es Salaam. Nikalizunguka nikitikisa kichwa.

"Gari kama hili nililiendesha miaka miwili nilipokuwa Dar," nikasema. "Halisahauliki."

Ukweli ni kwamba Dar nilikaa wiki mbili, kwa shangazi.

Mama Divine, katibu wetu asiyeacha Kifaransa chake, akadakia: "Bon, si we unaijua? Mupeleke mugeni Nyamyumba, aone maji ya moto yenye kutoka mu udongo!"

Mgeni alikuwa amechoka na safari, akanipa ufunguo kwa furaha. Leseni ninayo. Wenzangu wote wakatoka kutuaga. Nikafungua mlango wa kushoto kama dereva yeyote wa hapa kwetu, nikakaa, nikafunga mkanda, nikawapungia mkono, kisha nikanyoosha mikono nishike usukani.

Usukani ulikuwa mbele ya kiti cha kulia, kama ulivyo kwenye magari ya Dar.

Bwana Hamisi akainama dirishani, akaniuliza kwa upole, "Kaka, hiyo miaka miwili ulikuwa unapewa lifti?"