Vichwa Vitatu Nilivyokagua kwa Tochi

Mimi ni nesi mwenye uzoefu wa miaka minane, mzaliwa wa Busia, na nimepanga nyumba Kitengela muda mrefu. Sasa nimerudi chuo nisomee kupima na kutibu wagonjwa mwenyewe. Chuo chetu kimeelewana na kliniki moja Kajiado ndani, na huko ndiko tunakofanyia mazoezi na mtihani.

Siku yangu ilipofika, mwalimu wangu, Madam Naliaka, alikaa kwa kona na fomu ya alama. Akaingia nyanya mmoja Mmaasai na wajukuu watatu, mdogo wao akikohoa.

Mkubwa alinijia moja kwa moja, akainamisha kichwa mbele yangu, akatulia. Nikajiambia, huyu ana vidonda vya kichwa. Nikavaa glavu, nikapekua nywele kwa tochi. Safi. Wa pili naye akainama, nikapekua. Hata yule wa kukohoa akainama, nikapekua. Madam alikuwa ameacha kuandika, ananitazama tu. Nikadhani nimemfurahisha.

Nyanya akamgeukia nesi wa kliniki.

"Huyu daktari anatafuta nini kwa vichwa ya watoto? Si awaguse tu! Wanamsalimia, na wamengoja mpaka wamechoka."

Nilibaki nimesimama na glavu zangu, tochi bado inawaka. Madam akanisogezea fomu nione mstari wa kwanza kabisa: Amemsalimia mgonjwa?

"Nesi," akaniuliza polepole, "hapa niandike nini?"