Salamu za Kipaza

Ukiuliza mtaani nani aliyewafanya watu waujue muswada wa tabianchi, utaambiwa Kipaza, na si uongo. Lakini Kipaza hakuwahi kushika usukani hata siku moja, maana magari aliyaogopa kama paka anavyoogopa maji. Aliyeliendesha lile gari la matangazo, bovu, lenye spika mbili juu na mlango uliofungwa kwa waya, ni mkewe. Watu walimwita Mama Usukani. Alikuwa mzito wa mkono kwenye gia na mchache wa maneno. Mume aseme, mke aendeshe: ndoa yao ilikwenda hivyo, na ilikwenda vizuri.

Kipaza alikuwa na ufundi wake. Wenzake walirekodi matangazo chumbani, wakapiga kelele zilezile kila kona mpaka wenye masikio wakachoka. Yeye alirekodi kanda yake ndani ya gari, gari likienda gia ya pili, akimsalimu kila mtu mlangoni kwake. "Fundi viatu! Acha kusinzia, kuna mkutano Jumamosi!" Kisha ananyamaza kidogo, kumpa fundi nafasi ya kujibu, halafu anamalizia, "Nimekusikia, nimekusikia!" Fundi huwa amekwisha kumrushia tusi la kirafiki, na mtaa mzima unacheka. "Mama pacha, watoto wameamka?" Kimya kidogo. "Nimekusikia, nimekusikia!" Katikati ya salamu ndipo alipochomeka mambo mazito: mbunge auunge mkono muswada, viwanda vipunguze moshi, mifereji ichimbwe, watu wapewe tahadhari kabla mto haujaja kuwagongea mlango. Kanda ilianzia bondeni, ikavuka daraja, ikapanda mtaa wa juu, na Mama Usukani asipobadilisha mwendo, kila salamu iliangukia mlango wake.

Mto ulikuja kabla ya muswada. Mvua ilinyesha usiku kucha, na kulipopambazuka Kipaza alishuka bondeni kwa miguu, kipaza sauti cha mkononi kinywani, kuwatoa watu. Mkewe alibaki juu na gari, taa zikiwaka. Alimsikia akiita mlango hadi mlango. Kisha akasikia maji tu. Kipaza walimpata, wakamzika. Fundi viatu hakuonekana tena, wala mama pacha na wanawe, wala wengi wa majirani zao. Daraja liliondoka. Bondeni ilibaki misingi ya nyumba na majani, na barabara mpya ikachongwa kulikwepa bonde, ikitokea moja kwa moja mtaa wa juu.

Kampeni ilipoanza upya, Mama Usukani aliwasha gari palepale walipozoea kuanzia na kuiweka kanda ileile. Kuna aliyemshauri aisogeze mbele, ianzie salamu za mtaa wa juu. Hakutaka hata kusikia. Yeye hakuwahi kumkata mumewe maneno akiwa hai, aje aanze leo? Basi akapita barabara mpya, gia ya pili, na salamu za bondeni zikaanza kuangukia milango isiyo yake.

Ilikuwa mchana, jua kali, hakuna upepo. Mke wa kinyozi alikuwa nje anafua, tumbo liko mbele. Gari lilipomfikia, sauti ya marehemu ilitoka juu ya paa, changamfu vilevile: "Mama pacha, watoto wameamka?" Mwanamke akasimama na nguo mkononi, povu linamtiririka. Kimya kile kilichoachwa kwa ajili ya jibu kilikuwa kifupi, lakini siku ile hakikwisha upesi. Hakufungua kinywa. "Nimekusikia, nimekusikia!" ikasema spika, na Kipaza akacheka, kama mtu aliyejibiwa vizuri.

Ndoo ilianguka. Mwanamke aliingia ndani akakomea mlango. Wiki hiyohiyo alikwenda kliniki, akaambiwa amebeba pacha.

Habari hiyo haikuhitaji gari la matangazo. Mtaa ulikubaliana kwamba Kipaza anakusanya watu wa kujaza nafasi za wale waliokwenda na maji, na kila aliyesalimiwa kwa jina la mfu ajihesabu. Upuuzi, ndiyo. Lakini hebu kaa mlangoni kwako, uitwe fundi viatu na mtu uliyemzika mwenyewe, kisha akuambie amekusikia. Wakaanza kufunga milango mapema. Mama Usukani akikata kona, alikuta sufuria inachemka nje bila mtu, mpira wa watoto bado unabingirika, madirisha yote yamezibwa. Alipita katikati ya mtaa mtupu, mumewe akitania, akinyamaza, akisema amesikia. Yeye hakuogopa. Ukweli ni kwamba alifurahi, kwa sababu ndani ya gari lile bado alikuwa na mume.

Mwenyekiti wa kampeni, muuguzi mstaafu asiyezunguka mbuyu, alimfuata nyumbani. Binti yake Mama Usukani, fundi cherehani wa mtaa wa juu, alikuwepo, anapindia pazia.

"Dada, pole, lakini nitasema. Mbunge anakuja Jumamosi," mwenyekiti alisema. "Wiki ijayo bungeni wanapiga kura. Ameshasema waziwazi, akikuta uwanja mtupu ataamini watu hawautaki muswada, na ataukataa. Na wewe unawafukuza watu."

"Mimi nafukuza? Mimi naalika."

"Anaalika marehemu, dada. Izime hiyo kanda."

"Nikiizima, huyu mtu nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Binti aliacha kushona. "Mama," alisema, macho kwenye kitambaa, "hata mimi huwa nafunga mlango."

Hilo lilimchoma Mama Usukani kuliko maneno yote ya mwenyekiti. Alitoka nje, akakaa ndani ya gari bila kuliwasha mpaka chai yake ikapoa mezani. Kesho yake akapita mtaani na kanda ileile. Alikuwa kichwa ngumu, tusimpambe.

Jumamosi ikafika. Uwanja wa shule ulipangwa viti, na viti vikabaki viti. Walikuja wanakamati, walimu wachache, na mlevi mmoja aliyedhani kuna soda. Mheshimiwa alishuka kwenye gari lake jeusi, akatazama, akatabasamu tabasamu la mtu aliyepunguziwa kazi.

"Mwenyekiti, mwenyewe unaona. Watu wana shida zao. Hili la tabianchi ni la kwenu wanakamati."

Mwenyekiti akaanza kukunja viti. Muuguzi aliyeshinda na vidonda vya watu miaka yote alikuwa karibu kulia, na Mama Usukani alijua nani aliyemtia aibu ile.

"Mheshimiwa," alisema, "watu wapo. Panda, nikupeleke."

Mheshimiwa alipanda, labda kwa sababu wapiga picha wa gazeti aliokuja nao walikuwa wanatazama. Mama Usukani aliendesha hadi palepale pa kuanzia, akawasha kanda na kutia gia ya pili. Lakini kwenye njia panda hakufuata barabara mpya. Alikata kushoto, akateremka barabara ya zamani, majani yakikwaruza tumbo la gari.

"Fundi viatu! Acha kusinzia!" ikaita spika. Mheshimiwa akacheka, akashusha kioo apunge mkono. Palikuwa na ngazi ya saruji isiyopanda kokote.

"Nimekusikia, nimekusikia!"

Mkono wa mheshimiwa ukabaki hewani. Gari likaenda. "Mama pacha, watoto wameamka?" Msingi, na majani. Kimya. "Nimekusikia!" "Babu wa kona, leo umevaa vizuri, unaoa?" Bafu bila nyumba, bomba limesimama peke yake. Kimya. "Nimekusikia!" Kila salamu ilifika mahali pake sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu mafuriko, na kila mara ile nafasi ya jibu ilipofunguka, palisikika injini tu. Mheshimiwa alikuwa ameacha kucheka zamani. Alianza kutazama nyuma, kwenye majani waliyoyapita.

"Huyu anaongea na nani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Na wapiga kura wako."

"Zima, mama. Tafadhali."

Hakuzima. Alikwenda naye hadi lilipokatika daraja, na pale, bila kuombwa tena, akabonyeza kitufe mwenyewe, kanda ikazimika.  Aligeuza gari na kurudi hadi njia panda, na safari hii akafuata barabara mpya.

Milango ilikuwa imefungwa kama kawaida. Mama Usukani alisimamisha gari katikati ya mtaa, akachukua kipaza sauti cha gari, ambacho katika maisha yake hakuwahi kukisemea hata neno. Alikohoa, na kikohozi chake kikaenea mtaa mzima.

"Jamani, ni mimi. Kipaza amekufa." Alikisogeza kipaza sauti karibu na mdomo. "Amekufa, sitamleta tena. Mbunge nimekuja naye, yuko humu ndani. Njooni mseme wenyewe."

 Kisha komeo likalia, mlango wa binti yake ukafunguka, akatoka na futi ya kupimia shingoni. Ukafuata mwingine. Watu wakatoka taratibu, wakalizunguka gari, wakitazama spika zilizonyamaza. Mheshimiwa alishuka, viatu vimejaa vumbi na vipande vya majani. Mwenyekiti alikuwa amewafuata mbio kwa miguu, akataka kutambulisha mgeni, lakini mke wa kinyozi alimpita, mikono juu ya tumbo.

"Mheshimiwa, kabla ya muswada nina swali moja tu. Mlangoni kwangu hapa nimeitwa mama pacha. Huyo mama pacha ni nani? Anakaa wapi?"

Mheshimiwa alitazama chini. Hotuba ilikuwa mfukoni, ameiandaa vizuri, na haikumsaidia kitu.

"Nimetoka kwake sasa hivi," alisema. "Hakuna mtu."