Shabaha Ambayo Mtoto Anaweza Kuisoma

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya msingi huko Kola, nilifika na andalio la somo la kurasa mbili. Andalio ni mpango ambao mwalimu huandika kabla ya kuingia darasani: atafunza nini, kwa vifaa gani, na mwanafunzi atoke akiweza nini. Hilo la mwisho ndilo tuliloliita shabaha. Yangu, ya somo la hesabu, ilisema, "Wanafunzi waelewe kutoa." Niliona imetosha, maana chuoni tuliandika hivyo na tukapita.

Wiki ya tatu alikuja mkaguzi wa shule, mzee mpole aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Aliketi nyuma ya darasa la nne kipindi kizima. Kengele ilipolia, aliwainamia watoto watatu, mmoja mmoja, akawauliza wamejifunza nini. Wa kwanza alisema hesabu. Wa pili akasema hesabu. Wa tatu alinitazama kana kwamba amenikosea. Nilikuwa bado katika muda wa majaribio, na ripoti mbaya ingenirudisha kwa mama, aliyekwisha kuwatangazia kina mama wote kanisani kwamba binti yake ni mwalimu.

Mkaguzi alinipa mwezi mmoja wa kujirekebisha. Jioni hiyo mwalimu mkuu, mama wa maneno machache, alifungua andalio langu na kuweka kidole juu ya neno moja.

"Mwalimu, hii 'kuelewa' utaiona wapi?"

Nilimjibu kwamba iko kichwani mwa mtoto.

"Basi huwezi kuiona, na yeye pia hawezi. Andika kitu utakachomwona akifanya."

Tuliandika pamoja: mwanafunzi aweze kutoa namba za tarakimu mbili kwa kukopa kutoka kwa makumi. Kisha akaniamuru niiandike ubaoni kila asubuhi, kwa maneno ya mtoto mwenyewe.

Siku chache baadaye, baba yake Mwende, mmoja wa wanafunzi wangu wa darasa la nne, alikuja kunijulisha kuwa anamtoa bintiye shule. Mtoto alikuwa wa mwisho darasani, na nyumbani kulikuwa na mbuzi wa kuchungwa. Alisema bila hasira, kama mtu aliyekwisha kukata tamaa, kwamba huyu hajui kitu. Mwende alikuwa amesimama kando yake, akitazama ubao kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Mwalimu," akasema polepole, "mimi niko na shida ya kukopa peke yake. Hizo zingine najua."

Baba aligeuka kuutazama ubao. Mimi sikuwa nimewahi kumsikia mtoto akitaja mahali hasa alipokwama. Nilimwomba baba wiki mbili, akakubali.

Nilikata vijiti, nikavifunga kumi kumi kwa kamba ya mkonge. Ukihitaji kukopa, unafungua fungu moja. Siku ya nne Mwende alifungua fungu, akahesabu, akaandika jibu, kisha akalifunga tena na kulifungua mwenyewe, akicheka. Mkaguzi aliporudi na kuuliza wamejifunza nini, Mwende ndiye aliyesimama kumwonyesha.

Mwende alibaki shuleni. Mimi nilithibitishwa kazini, na baada ya miaka kadhaa nikapelekwa shule nyingine, huko Ekalakala, nikiwa mwalimu mwandamizi. Huko nilikosea upande wa pili: niliandika shabaha sita kwa kipindi kimoja. Mwalimu mkuu wa pale alizisoma zote, akanikumbusha kwamba kipindi ni dakika thelathini na tano.

"Chagua moja," akasema. "Hizo tano zitakungoja kesho."

Nilimalizia kazi mjini Machakos, nikiwa mwalimu mkuu, na nilistaafu mwaka jana. Badala ya shabaha, walimu vijana sasa huandika "matokeo maalum yanayotarajiwa", na wengine hulalamika kwamba ni makaratasi tu. Siwalaumu, kwa sababu karatasi ambayo mtoto haisomi ni karatasi tu. Ila mtoto akikuambia hajui, usimkemee. Muulize hajui wapi, na uhakikishe umempa njia ya kukujibu.

Nimewafahamu walimu waliofanya kazi kwa bidii maisha yao yote bila mtu wa kuwawekea kidole juu ya kosa. Mimi nilisahihishwa mapema, nikiwa ningali na watoto wengi mbele yangu. Kwa hilo moyo wangu umetulia.