Bakuli la Povu

Fundi wa gesi wa mtaani kwetu ni baba yangu mdogo, na watu humwita Pua. Kwa miaka ishirini amefunga hita za maji ya kuoga, zile za mtungi, na kila akimaliza kukaza bomba husogeza uso kwenye kiungio, huvuta pumzi mara tatu, kisha husema, "Safi. Ogeni." Mafundi wenzake hupaka povu la sabuni na kusubiri waone kama linavimba. Yeye huwacheka.

"Povu ni la wafua nguo," husema. "Mimi nimezaliwa na kipimo."

Mwezi uliopita mafua makali yalimlaza wiki nzima. Akapona, akarudi kazini.

Ninaishi kwake tangu nimalize chuo. Sina maneno mengi. Wakubwa wakizungumza, mimi huwa na kitabu. Jumamosi mchana nilikuwa nasoma chumbani niliposikia harufu ya maziwa yanayoungua. Nilimkuta baba mdogo jikoni, hatua mbili kutoka kwenye jiko, ameligeuzia mgongo, anaandika kazi zake kwenye daftari. Maziwa yalikuwa yamefurika na kuwa meusi.

"Baba mdogo, maziwa."

Akageuka. Akayatazama, kisha akanitazama mimi.

"Husikii harufu," nilisema. "Tangu lini?"

"Tangu mafua." Alizima jiko taratibu. "Nilidhani itarudi. Sasa usinitangaze. Nani atamwita fundi Pua asiye na pua?"

Wakati huohuo bibi, mama yake, alitoka chumbani na taulo begani, anaelekea bafuni. Hita ya bafu letu ilikuwa imebadilishwa na baba mdogo wiki iliyopita.

"Bibi, subiri kidogo."

"Nisubiri nini, mjukuu wangu? Nikizidi kusubiri nitakuja kuogeshwa."

Alicheka peke yake. Nilichukua bakuli, nikakoroga sabuni na maji, nikaingia bafuni kabla yake. Sikumwomba baba mdogo ruhusa. Alisimama mlangoni akitazama brashi yangu ya meno ya zamani ikipaka povu. Kiungio cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Cha tatu, nyuma ya hita, povu likavimba polepole kama jicho linalofumbuka. Dirisha la bafu letu halifungwi kamwe. Ndiyo maana hakuna aliyekuwa amesikia harufu yoyote.

Baba mdogo alikwenda nje kufunga mtungi. Aliporudi alikuwa na daftari mkononi.

"Umefunga hita nyumba ngapi tangu upone?" nilimuuliza.

"Kumi na moja," alisema. "Ukiacha hii."

Tulitoka na bakuli. Nyumba nne za kwanza zilikuwa salama, na wenyewe walitushangaa. "Leo Pua umegeuka dobi?" mmoja aliuliza. Ya tano ilivuja, tukafunga mtungi wake.

Ya sita ilikuwa ya mshona nguo, anayeishi peke yake. Mlango na madirisha vyote vimefungwa. Ndani maji yalikuwa yakimwagika. Niliinua kidole kubonyeza kengele. Baba mdogo akanidaka mkono.

"Cheche," alisema. Kisha, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Inama hapo chini ya mlango. Niambie."

Niliinama. Sikuhitaji kuvuta pumzi mara tatu.

Alikimbia nyuma ya nyumba kwenye mtungi. Mimi niligonga kwa viganja vyote viwili. Baada ya muda maji yalifungwa.

"Nani huyo?" sauti iliuliza, imekasirika. "Nimejipaka sabuni, maji yamekuwa barafu. Ngoja niwashe taa nikuone."

"Usiguse swichi, mama," nilipaza sauti. Sikujua kama ninayo. "Jifunge khanga, toka hivyohivyo."

Alitoka na povu masikioni, akinitukana. Baba mdogo alirudi akipangusa mikono, akafungua daftari, akanikabidhi. Jua lilikuwa linashuka. Watu walikuwa wanarudi makwao kuoga.

"Soma wewe," alisema. "Zimebaki tano."